Jina Lililomnyamazisha Elia

Kabla ya kueleza lolote lililotokea, ni vema niweke wazi hali ilivyokuwa nilipoanza kazi ya ustawi wa jamii wilayani Kilosa. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma lisilofunga, na dirisha lililotazama njia ya kwendea stesheni. Maafisa tulikuwa wawili kwa eneo lililoanzia tambarare za mkonge za Kimamba na Rudewa hadi milima ya Vidunda, ambako gari halikupanda wakati wa masika. Hatukuwa na makao ya watoto. Mtoto asiye na mtu tulimtafutia familia ya kuaminika, ndivyo sheria inavyoiita, na uaminifu wenyewe tuliupima kwa macho na kwa kuuliza majirani. Shauri la mtoto lilipofika mahakamani, hakimu alitutaka tuandike taarifa yenye kujibu mambo mawili: mtoto huyu amekuwaje hivi, na sasa afanyiwe nini. Swali la pili lilijibika kila mara, hata kama jibu halikuwa zuri. La kwanza ndilo linalonifanya niandike kurasa hizi kwa ajili yenu mnaokalia viti vyetu, ambavyo naambiwa vimebadilishwa.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Mhando, mtu mwembamba, mkimya, aliyezaliwa kwenye milima ya kaskazini ya wilaya na aliyesikia lugha zote za huku isipokuwa ya wafugaji waliohamia Rudewa, ambayo alisema amechelewa kujifunza. Siku yangu ya kwanza hakunipa sheria nisome. Alinipeleka Kimamba kwa baiskeli, akaniambia tuziache kwa fundi mmoja karibu na reli na twende kwa miguu, kwa sababu afisa anayefika na chombo huonekana mapema na nyumba hupata muda wa kujipanga. Akanifundisha kukaa chini kuliko mtoto ninayezungumza naye. Akanikataza kumwuliza mtoto kwa nini alifanya jambo. Nimwulize nani alikuwepo, nani alikula naye siku ile, alilala wapi. "Kwa nini ni swali la hakimu," alisema. "Wewe ukiliuliza, mtoto atakutungia jibu, na wewe utaliandika."

Mzee Mhando alifuga mbuzi wa maziwa, na katika mbuzi alikuwa mtu wa nasaba kabisa. Aliweza kukutajia bibi wa mbuzi wake na kosa la bibi huyo. Nilipokuwa bado mgeni nilimwuliza kama aliamini hivyo hivyo kuhusu watoto. Alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyofikiri hata alipoulizwa chai iwe na sukari au isiwe. "Mbuzi nimewajua," akasema. "Watoto sijawajua." Tulikuwa tumetoka kuwaona ndugu wawili wa baba na mama mmoja, waliolala mkeka mmoja na kupigwa kwa fimbo moja. Mmoja alikuwa mwalimu wa madrasa anayependwa na kila mtu. Mwingine alikuwa amevunja duka la mtu aliyemsomesha. Niliandika taarifa ndefu kuhusu malezi. Mzee Mhando akaisoma, akaniuliza kama yule mwalimu wa madrasa naye nimemweleza kwa malezi hayo hayo, au nimemwacha kwa sababu hakushtakiwa.

Nimetaja hayo ili mjue nilikwenda Vidunda nikiwa na fikra gani. Niliamini kwamba mtoto ni kazi ya waliomlea. Nililiamini hilo kama mtu anavyoamini jambo alilofundishwa vizuri, kwa hoja zilizopangwa, na sikuwa nimelazimika kulilipia.

Tuliitwa na mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko mlimani. Majina yote nimeyabadili. Mtoto alikuwa Elia, mwenye umri wa miaka tisa, na kosa lake lilikuwa utoro wa namna ya ajabu: alitoroka siku za kufyeka tu. Shuleni wanafunzi huagizwa kuja na panga au fyekeo kusafisha viwanja, na asiyekuja nalo huadhibiwa. Elia hakuja nalo hata mara moja. Aliadhibiwa, kisha akaanza kukaa msituni siku hizo, kisha na siku nyingine. Mwalimu, mtu wa tambarare aliyehamishiwa pale, alidhani nyumba hiyo haina panga. Hakuna nyumba Vidunda isiyo na panga.

Tulimkuta bibi yake, Bibi Malita, akimenya ndizi mbele ya jiko. Mama wa mtoto alifariki wakati wa kujifungua, baba hakujulikana. Tulikuwa tumeketi bado tunasalimiana Elia alipotokea nyuma ya nyumba. Bibi Malita aliacha kumenya. Akakitia kisu chini ya kanga yake, akakikalia, kisha akamwinamia yule mtoto.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Elia akajibu, bila kucheka. Akatugeukia sisi na kutupa shikamoo kwa sauti ndogo, mmoja baada ya mwingine, akianza na Mzee Mhando.

Alipotumwa maji nikamwuliza bibi kwa nini amekificha kisu.

"Sijakificha. Nimekikalia."

"Kitakukata, bibi."

"Bora kinikate mimi nikiwa nimekikalia."

Mzee Mhando akamsemesha kwa lugha ya nyumbani, na maelezo yakatoka taratibu. Katika ukoo wao, mtoto mchanga akilia siku za mwanzo bila kunyamaza, hudhaniwa kwamba anataka jina lake. Wazee hukaa mlangoni wakiwa wamempakata, wakiyataja majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, wakiacha nafasi katikati. Jina linalomnyamazisha ndilo lake, na mwenye jina hilo huhesabiwa amerudi. Elia alikuwa amekwisha kuandaliwa jina la ubatizo, lakini alilia. Wakataja mabibi wa ukoo, wakataja mababu waliokuwa na heshima kanisani. Alinyamaza walipomtaja Mloka.

Mloka alikuwa kaka mkubwa wa Bibi Malita. Alimwua mkewe kwa panga, shambani, mchana, kwa ugomvi ambao hakuna aliyeukumbuka tena, na alifia gerezani. Niliuliza kwa nini jina lake lilitajwa hata kidogo, ilhali walijua. Bibi alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekanyaga mkeka kwa viatu. Haifai kumruka marehemu, alisema. Anayerukwa hukasirika.

Hivyo Elia alilelewa kama mkubwa wa nyumba. Bibi yake alimsalimia kwanza, akamwekea finyango kubwa ya nyama, hakumpiga kamwe. Na katika nyumba hiyo hiyo hakuruhusiwa kushika kisu, panga, mundu wala shoka, tangu alipoanza kutambaa. Mtoto asiyeshika panga mlimani hafyeki, hakati kuni, hamenyi ndizi. Hukaa. Majirani walimwona amekaa, wakasema Mloka naye alikuwa mvivu. Aliwatazama wenzake wakifanya kazi, wakasema Mloka naye alikuwa na macho yale. Alitumia mkono wa kushoto, kama Mloka. Alipoudhika hakulia wala kujibu, alinyamaza akawa kama ametoka ndani ya mwili wake, na Bibi Malita alituapia kwamba kaka yake alinyamaza vivyo hivyo. Hilo la mwisho nililishuhudia mwenyewe baadaye, mara kadhaa, na nililiandika, ingawa halikuisaidia hoja yangu. Mtoto huyo hakuwahi kumwona Mloka.

Tukiteremka kuelekea Kidodi, Mzee Mhando alisema mtoto yule ana adabu kuliko watu wote wa nyumba ile, na wote wanamwogopa. Ushauri wake ulikuwa tumwache. Tumwombe mwalimu ampe kazi nyingine siku za kufyeka. Anapendwa pale, alisema, hata kama anapendwa vibaya. Mimi nilitaka aondolewe. Nilisema tukimwacha, ukoo huo utamtengeneza muuaji kwa mikono yake kisha useme amezaliwa hivyo. Tulibishana mpaka chini. Yeye alikuwa anakaribia kustaafu na jalada lilikuwa langu.

Bibi Malita hakupinga. Aliniuliza jambo moja tu. "Huko mnakompeleka, mtawaambia?"

"Tuwaambie nini, bibi?"

"Kwamba ni mtu mzima."

Nilimpeleka Mikumi, kwa Salehe, mwenye bucha karibu na maegesho ya malori katika barabara kuu. Wenzangu walinicheka, walisema katika wilaya nzima nimechagua nyumba yenye visu vingi kuliko zote. Niliichagua kwa sababu hiyo. Salehe alikuwa mtu mchangamfu, mcha Mungu, asiye na mtoto wa kiume, na mkewe Mwajuma, ambaye watu walimwita Mama Zuhura kwa jina la binti yao mkubwa, alikuwa na nyumba safi na kauli moja. Niliwaeleza kwamba mtoto ni yatima na kwamba kwao anaogopwa kwa sababu ya imani ya ukoo. Salehe hakuuliza imani gani. Mimi sikuongeza, kanuni zetu zinasema historia ya ukoo ni mali ya mtoto, na mpaka leo naiona kanuni hiyo kuwa ya haki.

Siku ya kwanza Salehe alimsimamisha mbele ya gogo la kukatia nyama, akamnyooshea kisu kidogo cha kuchunia. Elia alikipokea, kisha akageuza kichwa huku na huku. Ilinichukua muda kutambua kwamba anamtafuta mtu atakayemnyang'anya.

"Mkono upi huo?" Salehe akauliza.

"Huu."

"Kushoto. Haya. Mteja akilalamika, mwambie nyama haina mkono."

Miaka iliyofuata naweza kuieleza kwa ufupi, kwa sababu ilikuwa mizuri na miaka mizuri haina taarifa ndefu. Kuchinja alichinja Salehe, kama dini yake inavyotaka, lakini kuchuna na kukata alikabidhiwa Elia pole pole, na alikuwa na mikono sahihi. Alijua kuipitisha ncha kwenye kiungo bila kugusa mfupa. Alijibizana na madereva. Nilifika siku moja nikamkuta mmoja analalamika kwamba ameomba steki na amepewa mifupa. "Hiyo siyo mifupa, kaka," Elia alimwambia, "hiyo ni nyama iliyokonda kwa kukusubiri." Salehe alicheka mpaka akakaa. Mara moja tu, akiwa darasa la sita, alimpiga mwenzake aliyemwita mtoto wa kuokotwa, akaendelea kumpiga baada ya yule kuacha kujitetea, ikabidi walimu wawili wamvute. Kabla ya kupiga alikuwa amenyamaza. Niliandika hayo pia. Katika semina za maafisa wapya, hata hivyo, nilimtaja Elia, bila jina, kuwa ushahidi wa yale niliyoyaamini.

Kisha Bibi Malita akateremka Mikumi. Macho yalikuwa yanamsumbua, alikuja kutibiwa, na asingeweza kupita bila kumwona mtu wake. Sikuwepo, nayaeleza kama nilivyosimuliwa na Salehe na dereva mmoja, kila mmoja kwa wakati wake, na maelezo yao yalilingana. Bucha ilikuwa imejaa. Bibi alitua mzigo wake wa maharage, akapita katikati ya wateja, akainama mbele ya kijana wa miaka kumi na mitano mwenye aproni yenye damu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," Elia akajibu.

Dereva akacheka. "Oya, dogo. Bibi kizee anakupa shikamoo na wewe unaipokea? Una miaka mingapi, mia?"

Salehe hakucheka. Mtu anayeitikia shikamoo ya bibi yake, kwa watu wa huku, ama amerukwa na akili ama hana malezi, na malezi hayo yalikuwa ya Salehe. "Elia," alisema. "Umemwitikiaje bibi yako?"

"Ndivyo tunavyosalimiana, baba."

"Msimgombeze," Bibi Malita akasema. "Huyu ni mkubwa wangu." Na kwa kuwa aliona watu hawajui wako na nani, akawaeleza. Aliwaeleza yote, jina, mke, shamba, gereza, kwa sauti ya fahari na huzuni, kama mtu anayemtambulisha ndugu aliyetoka safari ndefu. Alipomaliza aliketi kwenye benchi, na kabla ya kuketi alichukua kisu kilichokuwa pembeni ya meza akakiweka mapajani mwake, chini ya kanga.

Mwajuma alikuja Kilosa kesho yake kwa basi la asubuhi. Hakukubali kiti.

"Mama Ustawi, uliniletea mtoto au uliniletea marehemu?"

"Nilikuletea mtoto, Mama Zuhura."

"Mbona ana jina lingine?"

"Ni jina tu."

"Basi kamwambie bibi yake kwamba ni jina tu. Mimi nina mabinti wawili."

Nilikwenda Mikumi mara nyingi kuliko kazi ilivyodai. Niliona mambo yakibadilika, na hakuna hata moja ambalo ningeweza kulikataza. Jioni visu vilianza kufungwa katika kitambaa na kupelekwa chumbani kwa Mwajuma. Zuhura hakutumwa tena kupeleka chakula bucha. Elia alihamishiwa chumba cha uani, kizuri kuliko kile cha kwanza, chenye dirisha. Hakuna aliyemtukana. Alianza kupewa finyango kubwa. Salehe alimtetea kwa kila aliyeuliza, kisha siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi nimemlea, namjua. Lakini siku hizi akinyamaza, namtazama." Na madereva, ambao habari hufika kwao kabla ya mafuta, wakaacha kumwita dogo. Wakamwita Mloka, kwa utani.

Elia mwenyewe alinijia ofisini mara moja tu. Alikaa kwenye kiti, nami nikaketi chini kuliko yeye, kama nilivyofundishwa. Akauliza, "Mama, yule mke nilimfanya nini?"

"Mke yupi?"

"Wa shambani. Bibi anasema nilimwua, hasemi alinikosea nini."

"Mloka ndiye aliyemwua, Elia. Wewe hukuwa umezaliwa."

"Ndiyo," akasema kwa upole, kama anayekubaliana nami ili nisiumie. "Lakini alinikosea nini?"

Nilimwambia mambo mengi siku ile kuhusu imani na ukweli, yaliyopangwa vizuri. Alisikiliza yote, akaniaga kwa heshima, akapanda basi.

Ajali, au shambulio, kwa maana mahakama ilitakiwa kuamua ni lipi, ilitokea mkesha wa Idi. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani, na Mwajuma alikuwa akisaidia kufunga nyama kwenye karatasi. Nawaomba mfuate vizuri mpangilio wa mahali. Msaidizi buchani husimama upande wa kushoto wa mkataji, kwa kuwa kisu kiko kulia. Kwa Elia upande wa kushoto ndio wa kisu, na kwa miaka yote Salehe alikuwa akimkumbusha kila msaidizi asimame upande wa pili. Siku hiyo Salehe alikuwa uani anachuna, na Mwajuma alikuwa amesimama kushoto, kama kwa mkataji mwingine yeyote. Mteja mmoja aliyechoka kungoja akapaza sauti, "Mloka, kata basi, au mpaka tukuletee mke?" Watu wakacheka. Elia akanyamaza kwa namna ile, kisu kikiwa kimesimama hewani. Mwajuma akauona ule ukimya. Mkono wake ulikwenda kwenye kisu.

Kilimkata kifundo cha mkono, ndani, hadi kwenye mishipa ya vidole. Waliokuwa mbele ya kaunta walisema kijana alimgeukia. Waliokuwa pembeni walisema mama alimdaka. Elia aliufunga mkono ule kwa aproni yake, akaukandamiza vizuri, na daktari alisema kwamba bila hivyo Mwajuma angekufa. Elia alikuwa bado ameukandamiza polisi walipofika, na ilibidi wamwambie zaidi ya mara moja auachie.

Mahakama ya watoto huketi faragha, katika chumba cha kawaida, bila majoho. Tulikuwemo hakimu, karani, mwendesha mashtaka, Elia, Salehe na mkewe, Bibi Malita akiwa mlezi wa damu, na mimi. Kilichokuwa mezani kilikuwa wazi: ama Elia arudi uraiani chini ya uangalizi wangu, aendelee kuwa mtu aliyekuwa anakaribia kuwa, ama apelekwe shule ya maadilisho, wanakofungiwa watoto waliotenda makosa, hadi atimize miaka kumi na minane.

Mwajuma alikula kiapo mkono wake ukiwa umetundikwa shingoni. Hakimu, mwanamke kijana aliyesikiliza vizuri, alimwuliza kama kijana alimkata kwa makusudi. Mwajuma angeweza kusema ndiyo na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mheshimiwa, sijui. Sikumbuki kama nilimshika kwanza au alinigeukia kwanza. Nakumbuka nilivyoogopa."

Kisha ikaja zamu yangu. Taarifa yangu ilikuwa ndefu kuliko zote nilizopata kuandika, na nilidhani ni bora kuliko zote. Nilieleza jinsi hofu ya Vidunda ilivyomnyima mtoto kazi ya mikono, jinsi Mikumi ilivyomrudishia, jinsi hofu ileile ilivyomfuata. Ugomvi wa shuleni nao niliuweka, na ule ukimya, kwa sababu ulikuwa kweli. Hakimu aliisoma yote mbele yetu.

"Mama, unasema malezi ndiyo yaliyomfikisha hapa."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Malezi yapi? Ya Vidunda au ya Mikumi?"

"Yote mawili, mheshimiwa."

"Na sasa kote wanamwogopa."

"Ndiyo."

"Basi unaiomba mahakama imrudishe kwa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kujibu kila swali kuhusu chanzo. Salehe alimtazama mkewe. Mkewe alitazama sakafu. Nikasema naomba muda nitafute familia nyingine. Hakimu akauliza kama familia hiyo ipo. Nikasema bado.

Ndipo Bibi Malita akaomba kusema, na kwa kuwa ni mlezi akaruhusiwa. Alisimama akishika kiti cha mbele yake. Alikuwa ametoka mlimani kumwokoa, hilo nataka lieleweke, na alichagua neno zito kuliko yote aliyokuwa nayo.

"Mheshimiwa, nakuomba. Kaka yangu alishafungwa. Akafia humo. Msimfunge mara ya pili."

Karani aliacha kuandika. Hakimu akamwuliza kwa upole ni nani anayemzungumzia, na Bibi Malita akanyoosha mkono kumwonyesha Elia. Akamwuliza Elia kama ameelewa anachosema bibi yake. Elia akasimama.

"Nimeelewa, mheshimiwa. Anasema kweli, nilifia humo."

Hakimu aliahirisha kwa muda mfupi, akarudi na uamuzi wa kumpeleka shule ya maadilisho, akasema kwamba hana uwezo wa kusema kijana huyu alizaliwaje, lakini anaona hakuna mtu nje ya chumba hiki aliye tayari kuishi naye bila kumwogopa, na kwamba yeye mwenyewe kijana sasa yuko miongoni mwa wanaomwogopa. Sikuweza kukata rufaa dhidi ya sentensi hiyo, maana ilikuwa sahihi kuliko taarifa yangu.

Mzee Mhando alikuwa hai bado. Nilikwenda kumweleza, nikamkuta anakamua mbuzi. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha. Sikumwuliza iwapo mambo yangekuwa mengine kama tungemwacha Elia kule mlimani. Alisema tu kwamba hajui, na kwamba nikiwafundisha wengine niwaambie kuwa hatujui, lakini niwaambie baada ya kuwafundisha kazi, siyo kabla. Nimefuata agizo hilo katika kuandika haya.

Elia alikaa shule ya maadilisho hadi alipotimiza umri, akajifunza useremala, na taarifa zake za humo zilikuwa nzuri zote. Mwajuma hakupata tena nguvu za vidole viwili. Salehe alikwenda kumtembelea Elia mara moja, akarudi, hakwenda tena. Bibi Malita alifariki kabla Elia hajatoka. Alipotoka alipita Mikumi bila kushuka kwenye gari, akapanda Vidunda, na wazee wakamkabidhi shamba la Mloka, lililokuwa pori tangu mauaji. Analilima peke yake. Hadi nilipostaafu hakuwa amemdhuru mtu mwingine yeyote, na hakuna nyumba mlimani iliyokuwa imekubali kumpa binti wa kuoa.